Barua ya jeshi imefika kwa Idris

Hamburg, Jumapili usiku

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. U hali gani, na jamaa wote? Sisi wazima, Alhamdulillahi, ila baridi tu na kazi zake. Najua nimekaa kimya mno, na najua Kassim keshakwambia nimekuwa Mzungu. Mwambie deni lake halijafutika.

Ile sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza. Nilicheka kwanza, kisha kicheko kikaniishia. Unauliza kama ni kweli Ulaya wanaunda jeshi moja na mwanangu Idris atabebwa akapigane na Mrusi. Nimeona bora nikuandikie, kwa simu utanikatiza hata sijafika katikati.

Barua ni kweli imefika. Bahasha ya kawaida, ndani mna karatasi yenye kile kimraba cha kuskani kwa simu, ukiskani unaletewa maswali: afya yako, umesoma nini, je, una hamu ya kutumikia jeshini, na hamu hiyo ni kiasi gani. Sheria imeanza mwaka huu, 2026. Kila anayetimiza miaka 18 anaandikiwa. Wa kiume lazima ajibu, wa kike akipenda. Jeshi la lazima walilisimamisha 2011 na bado halijarudi, anayeingia anaingia kwa hiari. Ila vijana wa kiume waliozaliwa 2008 na kuendelea watapimwa afya watake wasitake, na wanasiasa wanasema waziwazi kwamba wa hiari wasipotosha, bunge litakaa tena kuamua kuhusu jeshi la lazima. Hapo ndipo usingizi unaponiruka. Mwenyewe Idris unadhani kaona nini? Kaona kwamba anayekaa mwaka mzima anasaidiwa gharama ya leseni ya gari. "Baba, unajua leseni hapa ni bei gani?" Mama yake alimtazama tu, akaingia jikoni akaanza kukanda unga wa mahamri, saa nne ya usiku.

Sasa hilo jeshi moja. Barua ni ya Ujerumani, Salim, si ya Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Umoja wa Ulaya una kamati, una majenerali wa mezani, una fedha, na tangu mwisho wa 2024 una hata kamishna wa ulinzi, Mlithuania aitwaye Kubilius. Askari hauna. Askari ni wa nchi 27, kila mmoja na bendera yake begani. Na usiuchanganye na NATO, ule muungano wa kujihami, kule mwenye nyumba ni Marekani. Jeshi moja walishalijaribu: mwaka 1952 nchi sita zilitia sahihi mkataba, 1954 bunge la Ufaransa likauangusha, na wazo lenyewe lilikuwa la Mfaransa! Likalala hadi 1998, Blair wa Uingereza na Chirac wa Ufaransa walipokutana Saint-Malo, aibu ya kushindwa kuizima vita ya Bosnia ikiwa bado mbichi. Mwaka uliofuata wakaahidi askari 60,000 wawe tayari ndani ya siku 60. Baadaye wakashuka hadi vikosi vya askari 1,500 vinavyopokezana zamu, na tangu 2007 zamu zinashikwa lakini hakuna kikosi hata kimoja kilichowahi kutumwa vitani. Sasa wanataja kikosi cha askari 5,000.

Kwa nini havitumwi? Wewe uliyekuwa Kilindini wakati wa maharamia utanielewa upesi. Unakumbuka manowari za Operesheni Atalanta, ile ya Umoja wa Ulaya ya kupambana na maharamia wa Somalia, iliyoanza Desemba 2008? Na yale makubaliano ya 2009 na serikali yetu, wanaokamatwa waletwe Mombasa washtakiwe, nawe ukinung'unika kwamba Shimo la Tewa imegeuzwa jela ya Wazungu? Basi Aprili 2010 maharamia waliiteka Taipan, meli ya makontena ya hapa hapa Hamburg. Mabaharia wakajifungia ndani ya chumba cha usalama. Manowari ya Uholanzi, Tromp, ilikuwa karibu, na ilikuwa chini ya Atalanta. Nahodha angengoja makao ya pamoja yaamue? Hakungoja. Aliomba ruhusa kwa serikali yake, akaivamia meli chini ya amri ya Uholanzi, wanamaji wakashuka kwa kamba kutoka kwenye helikopta. Mabaharia wote wakatoka salama, Wasomali kumi wakakamatwa, na kesi yao ikasikilizwa hapa Hamburg tangu Novemba 2010 hadi Oktoba 2012. Mimi nilikuwa nikipita karibu na mahakama ile kwenda kazini.

Ndiyo hiyo Ulaya. Ushirika upo, tena si wa mchezo. Ila saa ya kuvuta kifyatulio kila mtu anampigia simu baba yake. Katika mambo ya kijeshi lazima wote wakubali, na mmoja akikaa chini msafara unasimama. Waulize Waukraine fedha za silaha zilikwama muda gani kwa sababu ya Hungaria pekee. Kipo kifungu katika mkataba, 42(7), kwamba nchi ya Umoja ikivamiwa wenzake wanawajibika kuisaidia kwa kila walichonacho. Ufaransa ilikitumia mara moja, Novemba 2015 baada ya mashambulizi ya Paris. Lakini kiasi cha msaada kila nchi ilijipimia.

Sisemi hakuna kilichobadilika. Tangu Urusi iingie Ukraine 2022, watu hawa wameamka. Wadenmaki, waliojitenga na sera ya ulinzi ya Umoja kwa miaka 30 hivi, walipiga kura Juni 2022, asilimia 67 wakasema tuingie. Na huyu Trump kawatia hofu kuliko Putin, ingawa hawasemi kwa sauti. Mwaka jana wakatangaza mpango wa euro bilioni 800. Ukisikia hivyo usidhani liko kasha mahali: bilioni 150 ni mikopo ya kununua silaha kwa pamoja, zilizobaki ni ruhusa ya kila nchi kujikopea yenyewe. Mjerumani anaunda kifaru chake Leopard, Mfaransa Leclerc, Mtaliano Ariete. Kamati ya harusi ya Zuhura, unaikumbuka? Michango ilijaa, kila mtu kaja na sufuria yake, biryani hakuna.

Lililonichekesha zaidi: Machi mwaka jana Brussels ilishauri kila nyumba iweke akiba ya kutosha saa 72, maji, chakula, tochi, redio. Siku tatu bila maji! Nikamwambia jirani yangu mama yangu pale Mji wa Kale angeweza kuwafundisha hilo kwa cheti.

Narudi kwa Idris, maana ndiye anayenisumbua, Brussels itajijua. Kinachonipa nafuu ni kwamba hapa askari hapelekwi nje kupigana mpaka bunge lipige kura. Na katiba yao inamruhusu mtu kukataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri. Hassan wa Bremen ananishauri tuandike ombi hilo sasa hivi. Lakini kijana hataki kuandikiwa. Ananiambia, "Baba, nchi hii imenilea, kwa nini watoto wa wengine ndio waende?" Nijibu nini? Nami ndiye niliyemkazania achukue uraia...

Basi nina ombi. Likizo ya kiangazi nataka nimlete kwako wiki chache. Akae na kaka yako Hamisi, aliyekwenda vitani Kismayu, Somalia, amwambie mwenyewe vita ni nini, kwani huku anajifunza kwa video. Hamisi atamwambia pia habari ya posho ya AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika kule Somalia, iliyokuwa ikitoka kwa hawa hawa Wazungu, walipoikata asilimia 20 mwaka 2016. Sitaki amtishe. Amweleze tu.

Je, Hamisi anaongelea mambo yale siku hizi, au bado akiulizwa anatoka barazani? Chumba cha juu kina mtu? Mama Rukia mguu wake vipi? Wewe ungekuwa mimi ungemwandikia ombi kwa nguvu, au ungemwacha? Na nauli ya Julai imefika ngapi huko? Nijibu kwa maandishi, Salim, zile sauti zako za dakika tisa nitazisikiliza lini?

Wako,
Abdalla