Twaomba muda wa kupanga ampu kabla wageni hawajaingia

Kwa Mhariri,

Nimepiga gita la solo hapa Mombasa miaka kumi na nane sasa, harusi za Likoni, kanisani, hoteli za Nyali na Bamburi, na kuna jambo moja hunitokea mpaka nimeona leo niliandike. Bendi ikianza tu, mama wa meza ya mbele huja kwa heshima zake aniambie mwanangu hilo gita punguza kidogo laniumiza masikio, halafu wakati wa chakula kaka aliyekaa nyuma karibu na mlango huniuliza kwani leo gita halikuwepo, mbona sisi tulikuwa twasikia kinanda tu. Ukumbi ni mmoja na ampu, kile kikuza sauti cha gita, ni ile ile, na wote wawili wasema kweli.

Manake sauti nyembamba, ile ya trebo, hutoka kwa spika ikaenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Ampu iko chini sakafuni, spika yapiga kwenye miguu yangu, mimi niliyesimama juu yake naisikia imefifia basi naongeza trebo, na ile trebo yote yaenda kumchoma yule mama aliyekaa mkabala na spika, huku walio pembeni na nyuma wapata besi ivumayo tu. Siku hizi naweka ampu juu ya kreti ya soda, nailaza nyuma kidogo inielekee kichwani, na kabla sijagusa nobu yoyote, vile vitufe vya kuzungusha, nainama masikio yangu yawe sawa na spika nisikie kile watu wanachosikia. Hilo peke yake limenipunguzia malalamiko kuliko ampu mpya yoyote niliyowahi kununua.

Sasa kuna hizi ampu za chaneli mbili tatu, yaani njia za sauti unazochagua, ile safi, ile ya kukwaruza kidogo na ile ya solo yenye distoshen nyingi, yaani ya kukwaruza sana. Vijana wetu wazinunua kwa pesa nyingi, waziwasha chumbani kule Majengo au Kisauni usiku, sauti iko chini wasiwaamshe majirani, waweka besi 8, mido (sauti ya kati) 2, trebo 8, geini (ile inayoikwaruza sauti) karibu yote kama walivyoona kwenye video, na pale chumbani kusema kweli yasikika tamu sana. Jumamosi yaja bendi nzima, dramu, besi, kinanda, waimbaji watatu, na gita lapotea kabisa, kijana aongeza volyumu na mpiga besi naye aongeza na mwisho ni makelele.

Hapa pana sababu zake na nataka vijana wazijue. Kwanza sikio lenyewe, wanasayansi Fletcher na Munson kule Marekani walilipima na mwaka 1933 wakaonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo twasikia besi na trebo kwa udhaifu, ikiwa kubwa zote mbili zajitokeza, kwa hivyo toni uliyoipanga usiku kwa sauti ya kunong'ona haiwezi kubaki vile vile ukumbini. Halafu waya mnene wa gita ukiupiga wazi ni kama hetsi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, wa gita la besi ni kama 41, ukijaza besi kwa ampu ya gita wamwingilia mwenzako na lile dramu kubwa la mguu, na nyote watatu mwageuka tope. Gita makao yake ni mido. Mido peke yake chumbani yasikika vibaya, kama mtu anayesemea puani, lakini ndiyo inayopenya kati ya dramu na kinanda ikamfikia yule kaka wa mlangoni.

Mimi naanza na chaneli safi, siku zote, tena bendi ikipiga na kwa sauti ile ile tutakayotumia usiku. Nobu zote za toni katikati, geini naipandisha mpaka nikipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa nguvu nisikie inaanza kuvunjika, hapo narudisha nyuma kidogo, kisha masta ndiyo yanipa ukubwa wa sauti wa kuwa sawa na dramu. Watu wengi wazichanganya hizi mbili, geini huamua sauti ivunjike kiasi gani na masta huamua itoke kubwa kiasi gani. Besi nashusha mpaka nimsikie mpiga besi wazi. Na kwa muziki wetu wa pwani, rumba, chakacha, hata benga wakiiomba, hii chaneli safi ndo karibu kazi yote ya usiku, gita lapigwa juu kwenye shingo kila noti isikike mbalimbali, kwa hivyo muda mwingi naumaliza hapa na sioni haya. Tukiwa na mpiga rithim na mi-solo pia, lile gita la katikati ya solo na rithim, twakubaliana kabisa, mmoja achukue wembamba mwingine achukue katikati, la sivyo magita matatu yawa kama moja kubwa lisiloeleweka.

Chaneli ya solo naipanga mwisho kwa kuilinganisha na ile safi, nikikanyaga swichi ya mguu huku na huku wenzangu wakiendelea kupiga. Kuna harusi moja Mtwapa nilikanyaga swichi bila kupima, sauti ikaruka mara mbili, bi harusi akashika masikio, nilijuta sana na tangu siku hiyo sianzi bila kujaribu. Solo yataka izidi kidogo tu, mido ipande, na geini iwe chini ya unavyodhani, manake distoshen nyingi hubana sauti, ukipiga kwa nguvu na ukipiga polepole yatoka sawa sawa, noti haina tena mwanzo wa kumshtua msikilizaji. Ampu nyingi za bei nafuu chaneli zote zashiriki nobu zile zile za toni, hapo panga kwa ile unayoitumia zaidi na ile nyingine irekebishe na nobu zilizo kwenye gita lenyewe, ambazo vijana wengi hawazigusi kabisa mwaka mzima. Na kuna ampu kama zile za Mesa Boogie za safu ya Mark ambazo nobu za toni ziko kabla ya distoshen, kule besi lazima iwe chini sana au sauti yaanza kutapatapa.

Chumvi ya bahari pia yatumaliza, nobu na matundu ya waya yaingia kutu zikakwaruza, mpate fundi azisafishe kwa dawa ya spreyi ya umeme kabla hamjailaumu ampu. Na ampu ya Marekani ya volti 120 msiichomeke kwa 240 yetu bila transfoma, nimeona imekufa sekunde moja.

Mhariri, pwani hii ndiyo iliyomtoa Fundi Konde, yule mpiga gita na mwimbaji wa zamani, na bendi ya Them Mushrooms walianzia hapa hapa Mombasa, masikio ya kupenda gita watu wetu wanayo. Kinachotukosesha ni muda. Wenye kumbi na waandalizi wa harusi hutuambia tufike saa kumi na mbili, wageni nao wafika saa kumi na mbili, twafunga waya huku watu wameshakaa na ampu yawekwa pale palipobaki nafasi, nyuma ya keki au mlangoni mwa jikoni. Twaomba dakika arobaini kabla, ukumbi ukiwa mtupu, tupige nyimbo mbili na mmoja wetu azunguke meza hadi meza asikilize. Watu wakishajaa nguo na miili hunyonya trebo kidogo, hilo twalimaliza kwa nobu moja. Na gazeti lako likipata nafasi ya kuandika habari za ufundi wa muziki, mbali na habari za nani kamwacha nani, sisi wapigaji tutalinunua na kulisoma.

Mpiga gita la solo,
Likoni, Mombasa