Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi wa mbio za saratani, Kigoma

Mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima zote, ila uvumilivu umenishinda. Jumamosi iliyopita gari la matangazo limepita hapa mwaloni Kibirizi likituhimiza tujiandikishe kwa mbio za mwaka huu. Fulana zimeshafika, mgeni rasmi ni wewe tena. Kuhusu fedha tulizochanga kwenye mbio za mwaka jana halikutamka neno.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa. Mwaka jana nilikimbia zile kilomita 10, tukaanzia stesheni ya reli, tukaupanda mlima hadi Mwanga na kuelekea Ujiji. Sijawahi kuwa mwanariadha. Nilikimbia kwa ajili ya dada yangu, marehemu, aliyeuawa na saratani ya mlango wa kizazi. Alitokwa damu muda mrefu huku akipewa vidonge tu, na alipokuja kupimwa sawasawa ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Tukampakia treni kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 za reli, amekalia upande mmoja kwa maumivu, na khanga za kumbadilisha zikatuishia hata Dodoma hatujafika. Mtumbwi aliotuachia baba niliuuza ili tupate nauli na chumba cha kupanga, maana mionzi haimalizwi kwa siku moja. Alirudi nyumbani. Mwaka haukuisha tukamzika.

Ndiyo maana uliposimama jukwaani ukasema fedha zetu zitakwenda kwenye utafiti, wa kujua kwa nini wanawake wa mkoa huu wanafika hospitali wamechelewa, nililia mbele za watu. Saratani hii chanzo chake kinajulikana, ni kirusi cha HPV. Wasichana wanachanjwa nchi nzima tangu 2018. Uchunguzi wenyewe ni siki inayopakwa kwenye mlango wa kizazi. Doa likigeuka jeupe, mama anatibiwa mapema. Sasa kwa nini mwanamke wa Kagunga au Kalya aletwe kwa boti hali imeshakuwa mbaya? Mimi nadhani ni nauli, na aibu ya kujivua mbele ya mhudumu mwanamume, na pengine waume wanaokataza. Lakini nadhani tu. Tulichangia ili wenye ujuzi waende wakaulize, watuletee jibu.

Siku ile mlituhadithia habari za Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, akaanza mwaka 1980 kukimbia kwa mguu wa bandia kuivuka nchi yake, akichangisha fedha za utafiti. Tulimpigia makofi. Mngetumalizia na hadithi yenyewe, Mheshimiwa. Saratani ilimsimamisha njiani, lakini Februari 1981 wananchi wake walikuwa wameshatangaziwa kiasi kilichopatikana, dola za Kanada zaidi ya milioni 24. Alifariki Juni mwaka huo huo, hesabu akiwa ameisikia.

Sisi wa Kibirizi hatujasikia chochote. Na wanaodaiwa majibu ni sisi tuliopita na karatasi za ahadi. Wavuvi walinipa fedha wakati wa mbalamwezi, mitumbwi imelala, mtu hana hata dagaa wa mboga. Wapo mama zangu wa kuanika dagaa walioniahidi elfu moja kwa kila kilomita, na wakalipa yote. Leo nikipita wananiuliza, "Mwanangu, ule utafiti umefika wapi?" Wengine hawaulizi tena, wananitazama tu, na hilo linaniuma zaidi.

Sisemi mtu amekula. Huenda fulana, muziki, maturubai na posho vilimeza kila kitu. Huenda fedha ziko benki zinasubiri sahihi. Uliahidi mbele yetu kwamba hesabu itasomwa hadharani ndani ya miezi mitatu. Nilikuwa mstari wa mbele, nilikusikia.

Nakuomba hesabu isomwe kabla mtu yeyote hajaandikishwa tena. Zilipatikana ngapi, zimetumika ngapi, zimebaki ngapi, na watafiti gani wamekabidhiwa. Ni karatasi moja tu, ibandikwe soko la Mwanga na hapa mwaloni. Kama ziliishia kwenye fulana, iandikwe hivyo hivyo. Na uisome wewe, Mheshimiwa, usimtume mtu, kwa sababu aliyetuahidi ni wewe.

Ni mimi,
Mchuuzi wa dagaa, Kibirizi