Kwa nini begi la kulalia la dada ni elfu 45 na la kaka ni elfu 30

Wiki iliyopita dada mmoja alirudi dukani na risiti mkononi, mume wake nyuma yake akijifanya anaangalia fimbo za kutembelea. "Dada, mnatuibia kwa sababu sisi ni wanawake." Walikuwa wamekodi vifaa kwangu siku ile ile, kwa safari ile ile ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Begi la mume elfu 30, lake elfu 45. Juu ya hapo nilikuwa nimemshawishi alipie mafunzo yetu ya baridi, elfu 40, ambayo mume hata hakuyasikia.

Ukiitazama risiti ile peke yake, kweli inanuka. Na si yeye wa kwanza kuinusa, ndiyo maana leo naandika.

Fungua begi lolote zuri la kulalia, tafuta lebo ndani, aghalabu iko karibu na zipu. Mabegi yaliyopimwa kwa utaratibu wa Ulaya yana namba mbili za kuangalia. Ya kwanza ni baridi ambayo mtu atalala nayo kwa raha, na inahesabiwa kwa mwili wa mwanamke wa wastani. Ya pili ni kikomo, na hiyo inahesabiwa kwa mwili wa mwanamume, tena aliyejikunja. Begi la yule mume lilisomeka nyuzi 0, na kikomo nyuzi 6 chini ya sifuri. Kaka atajikunja na kufika asubuhi. Mke wake ndani ya begi hilo hilo ataanza kutetemeka mapema zaidi, na kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600, mahali ambapo maji uliyoacha kwenye beseni jioni unayakuta asubuhi yameganda. Ukienda kukodi popote na mtu akakusomea namba ya pili tu, jua anakuuzia usingizi wa mumeo.

Kwa hiyo nilimpa begi ambalo namba yake ya kwanza ni 8 chini ya sifuri. Lina manyoya ya bata mengi zaidi, na bei ni ya hayo manyoya. Kaka mwembamba anayesikia baridi akilitaka, naye analipa 45. Dada anayesema yeye hasikii baridi usiku, namwachia la 30, ila anasaini kwanza.

Nitaje na kufua, maana hapo ndipo hela inapokwenda na mteja haoni. Begi la manyoya tunalifua kwa mkono, sabuni yake ya pekee, tunasuuza mpaka maji yatoke meupe, halafu tunalilaza, hatulianiki kwa kamba. Julai hapa Moshi mawingu hayaondoki, linaweza kuchukua siku nne, na kila siku mtu anapita akivunja madonge kwa vidole. Mwaka juzi mteja mmoja, mama mstaarabu kabisa, aliona aibu kurudisha begi likiwa na jasho. Akalifua nyumbani kwa sabuni ya unga, akalikamua kama blanketi. Lilipofika kwangu ungedhani kuna mtu ameshonea ugali wa jana ndani. Nilimkata laki moja na nusu na tukaacha kusalimiana. Jamani, rudisheni na jasho lenu, tumelizoea.

Sasa mafunzo. Nimekuwa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, miaka sita kabla ya kufungua duka, nimebeba mizigo ya watu, na wanawake wengi niliowaona wakigeuzwa njiani walikuwa na jaketi zuri kuliko langu. Shida yao ilikuwa hii: begi halipiki joto, wala jaketi. Vinatunza lile uliloingia nalo. Ukiingia umepoa, vitakutunzia huo ubaridi hadi alfajiri.

Na njia ya mkato wanayoipenda wanawake, karibu wote, ni kuacha kunywa maji kuanzia saa kumi jioni ili wasitoke kujisaidia usiku. Naielewa. Nje giza, upepo, choo kiko mbali, na wanaume wamelala hema la jirani. Lakini mwinuko tayari unakukausha kwa kila pumzi, na damu ikipungukiwa maji, vidole ndivyo vinavyosahaulika kwanza. Nakumbuka kundi la akina mama saba wa kikoba kutoka Dar, walipanda kuadhimisha 8 Machi. Mmoja alibana hivyo usiku mbili mfululizo. Usiku wa samiti, ule wa kupanda kileleni, aliondoka na kichwa kinagonga, akatapika, akageuzwa kabla ya Stella Point, kwenye ukingo wa kreta. Safari nzima ameilipia, akarudi na picha za kambini.

Dawa yake ni kopo la haja ndogo, la mdomo mpana lenye mfuniko wa kuzungusha. Ndiyo, ndani ya hema, umepiga magoti, kanga kiunoni. Darasani tunalizungumza bila kupepesa macho, na nawaambia wakafanye mazoezi bafuni nyumbani, kwa sababu mita 4,600 si mahali pa kujifunzia shabaha. Funga raba bendi mbili kwenye kopo hilo ili mkono ulijue gizani usilichanganye na chupa ya kunywa. Mnacheka, lakini limetokea.

Siku ya kwanza ya mafunzo tunaifanya uani nyuma ya duka, kwenye jua la Moshi, na ndoo mbili za barafu ninazonunua kwa muuza samaki. Unazamisha mikono dakika mbili, unaitoa, halafu unafunga kamba za viatu, unapandisha zipu, unavaa glovu. Kucha ndefu za kubandika hapo ndipo zinapojieleza zenyewe. Wiki jana mmoja alihangaika na zipu moja mpaka akaanza kuing'ata kwa meno. Afadhali uani kwangu.

Tunajaza pia chupa ngumu maji ya moto, tunaigeuza juu chini kuona kama inavuja, tunaivisha soksi. Usiku unaiweka katikati ya mapaja, asubuhi unayanywa. Usiku wa samiti unaibeba imegeuzwa, kwa sababu barafu huanzia juu, na mdomo utabaki wazi. Ule mrija wa kunyonyea maji usiutegemee, huganda mapema. Na soksi mbili nene ndani ya kiatu kinachobana hazikupi joto, zinakukata damu. Fulana ya pamba ikilowa jasho ivue kabla ya kulala, hata kama unaipenda.

Siku ya pili tunapanda hadi Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, mita 2,720, na kurudi. Kiingilio cha hifadhi na usafiri kila mtu anajilipia, na tunaliandika hilo kwenye fomu kwa herufi kubwa, kwa hiyo tafadhali tusigombane getini. Ile elfu 40 ni ya mwalimu, barafu, vifaa vya mazoezi na chai. Ukitoa gharama, kinachobaki hakininunulii hata glovu.

Yule dada, nilimwekea mabegi yote mawili kaunta, nikamwonyesha lebo. Alisoma, akamgeukia mumewe: "Kwa hiyo ulitaka nilale na lako?" Mume akaendelea na fimbo.

Darasa linalofuata ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Njoo na kofia utakayopanda nayo, na nywele zikiwa zimesukwa vile vile utakavyokwenda nazo mlimani. Rasta nene zikifungwa utosini, kofia haifiki masikioni, na kufumua usiku ule Barafu hakuna msusi.