Makato ya kubadilisha fedha yawekwe wazi kwa asilimia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa huu nizungumzie maduka ya nje ya mtandaoni yanayotuonyesha bei kwa shilingi za Tanzania. Wengi tunaifurahia bei hiyo kwa sababu inatuondolea usumbufu wa kupiga hesabu. Lakini aliyetupigia hesabu hiyo kajilipa humohumo.

Tuchukulie dola moja ni shilingi 2,500. Kifaa cha dola 80 kingekuwa shilingi 200,000. Duka likitumia kiwango chake cha 2,600, unalipa 208,000, na kwenye risiti huoni popote neno ada. Halafu usidhani benki yako itakuacha hivihivi. Zipo zinazotoza muamala wowote wa muuzaji aliye nje ya nchi, hata kama umelipa kwa shilingi. Hapo umekatwa huku na huku.

Kwa kawaida nafuu ni kuchagua sarafu ya duka lenyewe: pauni kwa duka la Uingereza, dola kwa la Marekani, ili mtandao wa kadi, yaani kampuni kama Visa au Mastercard, ndio ubadilishe. Visa na Mastercard wana vikokotoo kwenye tovuti zao. Unaweka tarehe, sarafu na asilimia ambayo benki yako huongeza, unaona utakatwa ngapi. Wanaolipa kwa PayPal kupitia kadi nao wana uwezo wa kuchagua kadi ndiyo ibadilishe fedha, ila sehemu hiyo haiko mbele ya macho, lazima uitafute kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa.

Wapo wanaoshauri kila mtu afungue akaunti ya dola. Inawafaa wanaolipwa kwa dola. Mwenye mshahara wa shilingi atazinunua dola hizo benki kwa bei ya kuuzia, kwa hiyo makato hayajaondoka, yamehamia dirishani. Akinunua kitu cha pauni kwa kadi hiyo, anabadilishiwa tena.

Shida ni hiyo asilimia ya benki. Benki ninayotumia niliiuliza inaongeza kiasi gani juu ya kiwango cha mtandao wa kadi, nikajibiwa, "Inategemea na siku." Kiwango cha soko ndicho kinachobadilika kila siku. Nyongeza ni uamuzi wa benki, na benki inaijua.

Umoja wa Ulaya ulilimaliza hili kwa kanuni namba 2019/518. Tangu tarehe 19 Aprili 2020, benki inayotoa kadi, na anayekubadilishia fedha kwenye ATM au unapolipia bidhaa, lazima aonyeshe nyongeza yake kwa asilimia juu ya kiwango rejea cha Benki Kuu ya Ulaya. Sisi kipimo tunacho tayari: Benki Kuu ya Tanzania hutangaza viwango vya kubadilisha fedha kwenye tovuti yake.

Naiomba Benki Kuu izitake benki na kampuni za simu zenye kadi za mtandaoni ziandike asilimia hiyo kwenye ujumbe wa kila muamala. Na bidhaa ikirudishwa, ujumbe useme fedha zimerudi kwa kiwango gani, maana hapo nako mnunuzi hupungukiwa bila kuambiwa sababu.

Msomaji wako,
Arusha