Barua kwa mwanangu anayeenda Kisumu kesho

Mami,

Kesho utapanda basi na hiyo barakoa yako na mimi sitasema kitu pale steji, watu ni wengi, ndio maana naandika saa hii. Kula na watu. Ukifika kazini wakienda lanchi enda nao, hata chai ikitiririka upande huo wa uso uliopooza, beba tishu, usijifungie na mkate eti hauna njaa. Kwani unadhani sikuoni ukibeba sahani chumbani?

Daktari alisema ni neva ya saba, ile ya uso, ilivimba, si kiharusi, wala si upepo wa dirisha la matatu vile shosho anasisitiza. Na dawa ulianza ndani ya siku tatu, vile inatakikana, kwa hivyo acha kujilaumu. Wengi hupona kabisa, wewe umebaki na hicho kidogo, na hicho kidogo ndicho kinakusumbua kuliko siku zile uso wote ulikuwa umelala, hapo sijui nikusaidie aje. Watu wanadhani umenuna, wewe unawakwepa, halafu sasa wanasema una maringo. Waambie siku ya kwanza kwamba upande huu ulipooza, basi, mwendelee na chakula.

Kuna Jean Chrétien wa Kanada, ugonjwa huo ulimwachia mdomo umepinda tangu ujana wake. 1993 wapinzani wakaweka sura yake kwa tangazo la kampeni, wananchi wakakasirika, akashinda, akakaa waziri mkuu miaka kumi. Sijasema uwe waziri. Nasema huyo hakuwa anakula chumbani.

Hiyo kazi uliipata kwa intaviu ya ana kwa ana, na uso huo huo, nimeringia majirani mpaka wamechoka. Lakini kwa harusi ya binamu yako ulijificha nyuma ya hema wakati wa picha, hiyo bado inaniuma, ingawa ni mimi nilikuwa nimekwambia usimame kando ndio isionekane, sawa.

Ukianza tena kulia usiku tafuta mshauri huko, si mambo ya wazimu. Ukinipigia washa kamera. Matone ya jicho yaweke kwa mkoba si kwa sanduku, na tepu ya kufungia jicho ukilala nimekununulia mbili.

Maji yatapotea tena asubuhi, oga leo usiku. Na ile chaja nyeupe ni ya baba yako, iache.

Mama