Mafunzo ya mawakili wa serikali yaanzie kwenye majalada

Mhariri,

Muda wa kuhuisha leseni unapokaribia, maofisa sheria wa wizara na idara huanza kutafuta warsha yoyote yenye nafasi ili pointi za mafunzo zinazodaiwa kwa leseni hiyo zitimie. Mtu ambaye kazi yake ni kuandika miswada anakaa siku nzima akisikiliza mada ya mirathi, anasaini karatasi ya mahudhurio na kuondoka na cheti. Hesabu imekamilika, lakini kazi iliyolala mezani kwake haijaguswa hata kidogo.

Ombi langu kwa wanaopanga mafunzo endelevu ya mawakili wa serikali ni kwamba waanzie kwenye majalada ya kesi zilizoshindwa na mikataba iliyoleta madai. Humo ndimo mada zilimo.

Chukua maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Kiapo, yaani maelezo ya maandishi yanayounga mkono maombi hayo, kinasema "ucheleweshaji ulitokana na taratibu za ndani za serikali", basi. Mahakama nyingi hazitosheki na maneno hayo. Zinataka tarehe: hukumu ilisomwa lini, nakala iliombwa lini na kupokelewa lini, jalada lilitoka masijala siku gani, lilikaa kwa nani na kwa nini. Mara nyingi aliyeapa hakulishika jalada hilo kabisa, anaeleza aliyoyasikia bila kutaja aliyemweleza, na aya hizo zinafutwa. Kasoro hii hairekebishwi kwa mhadhara. Hurekebishwa kwa kumpa mtu kiapo kilichokataliwa, majina yakiwa yameondolewa, akiandike upya kwa dakika 90 huku ameweka pembeni orodha ya tarehe, kisha mwenzake akisome kwa jicho la wakili wa upande wa pili. Watu wasizidi 15 chumbani, na nusu siku inatosha. Mwezeshaji asiwe mkuu wao wa kazi, kwa sababu hakuna ofisa mdogo atakayeonyesha asichokijua mbele ya anayemjazia fomu ya tathmini.

Mikataba inahitaji uzito wa pekee, kwa kuwa hapo kosa moja linaweza kula bajeti ya wizara nzima. Mwaka 2010 Nigeria iliingia mkataba wa gesi wa miaka 20 na kampuni ya Process & Industrial Developments. Mtambo wa kuchakata gesi haukujengwa, na mwaka 2017 wasuluhishi wakaamuru nchi hiyo ilipe dola bilioni 6.6 na riba juu yake. Kifungu cha usuluhishi kilitaja London, na hilo ndilo lililozipa mahakama za Uingereza, si za Nigeria, neno la mwisho kuhusu tuzo hiyo, yaani uamuzi wa wasuluhishi. Huko muda wa kuipinga ni siku 28, nao ulikuwa umepita zamani. Ilibidi kwanza iombwe nyongeza ya muda, ikatolewa mwaka 2020. Oktoba 2023 mahakama ikaamua kwamba tuzo ilipatikana kwa udanganyifu, ikiwemo hongo na ushahidi wa uongo. Kufikia hapo deni na riba vilikuwa vimepita dola bilioni 11. Nchi iliokoka, ila baada ya miaka ya gharama na hofu.

Kwa hiyo anayepekua mkataba afundishwe kujibu kwa maandishi, kabla ya kuweka saini yake: mgogoro ukizuka tutakwenda mbele ya nani, sheria ya wapi itasimamia mwenendo, tuna siku ngapi za kupinga, na notisi ya madai itapokelewa na ofisa gani. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Notisi ikitumwa kwa cheo kilichofutwa, siku zinahesabika na hakuna anayejua.

Lipo pia somo ambalo wakili wa kujitegemea halihitaji kwa kiwango hicho: kumwandikia kiongozi kwamba analotaka kulifanya halina mamlaka ya kisheria. Maoni ya namna hiyo yana ufundi wake. Kifungu kitajwe, hatari ielezwe, na njia halali ya kufikia lengo lilelile ionyeshwe. Bila hiyo njia mbadala, maoni yataishia kabatini.

Fedha na muda ni kikwazo cha kweli. Fungu la mafunzo ndilo hukatwa kwanza bajeti ikibana, na wakili akiwa darasani kesi zake zinaendelea kuitwa. Kila kitengo kiwe na ratiba ya kushikiana kesi, iandikwe wiki 2 kabla, la sivyo mshiriki atashinda mlangoni akiongea na simu.

Na kipimo kisiwe vyeti. Miezi 6 baada ya mafunzo, mkuu wa kitengo achomoe viapo 10 vya karibuni na maoni 5 ya mikataba, aangalie kama tarehe zimo, kama chanzo cha habari kimetajwa, kama yale maswali ya mgogoro yamejibiwa. Yasiyojibiwa yawe mada ya kipindi kinachofuata.

Ofisa sheria mstaafu