Picha ya mfanyakazi bora ukutani inatufundisha kuiga bahati

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mameneja, maofisa rasilimali watu na wenye maduka juu ya desturi iliyoenea kila kona: mwisho wa mwezi kutazama nani kaongoza kwa idadi, kumpa bahasha, kubandika picha yake ukutani, kisha kumwita wa mwisho ofisini ajieleze. Sipingi bahasha. Napinga hesabu iliyo nyuma yake, na hesabu yenyewe si ngumu. Mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuifanya mezani kwake.

Chukua tawi lenye maofisa mauzo 10 wanaofungulia wateja akaunti. Tuseme wote wana uwezo uleule na bidii ileile, na kila mmoja kwa wastani hufungua akaunti 20 kwa mwezi. Wateja hawaji kwa mpangilio. Huyu mvua ilimkuta siku ya zamu yake ya sokoni, yule aliingiliwa na watu sita wa kikoba kimoja kwa mpigo. Kwa idadi za namna hii, mtawanyiko (umbali wa kawaida wa idadi kutoka kwenye wastani) unaoletwa na bahati peke yake hukaribia kipeuo cha pili cha wastani, na kipeuo cha pili cha 20 ni kama 4.5. Katika kundi la watu 10, anayeongoza huwa juu ya wastani kwa takriban mara moja na nusu ya mtawanyiko huo, na anayeshika mkia huwa chini kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo mwezi wa kawaida kabisa utatoa wa kwanza mwenye akaunti kama 27 na wa mwisho mwenye kama 13. Mmoja kamzidi mwenzake mara mbili, na uwezo wao ni mmoja. Wateja wa makundi wakiwa wengi, pengo linapanuka zaidi.

Sasa tuseme kati yao yupo mmoja ambaye kweli ni hodari kwa asilimia 10, wastani wake ni 22. Ataongoza takriban mara moja tu katika kila miezi mitano. Miezi minne iliyobaki picha ukutani ni ya mtu mwingine. Hata ukijumlisha mwaka mzima, uwezekano wake wa kuwa wa kwanza ni kama nusu kwa nusu. Hata hivyo mwaka unasaidia sana: wastani ukiwa 240, mtawanyiko ni kama 15.5, na pengo la bahati kati ya wa kwanza na wa mwisho hushuka hadi kama 264 kwa 216. Tofauti ya mara mbili imekuwa tofauti ya asilimia 22 hivi.

Asiyeamini maneno na aamini shanga. Mtaalamu wa ubora wa Marekani, W. Edwards Deming, alikuwa akiweka mbele ya mameneja sanduku la shanga 4,000, kati yake 800 nyekundu, na kibao chenye vitundu 50. Kila "mfanyakazi" anachovya kibao na kukitoa. Shanga nyekundu zinahesabiwa kuwa bidhaa mbovu. Wastani ni 10, lakini mchovyo mmoja unaweza kutoa 5 na mwingine 15 bila mtu kufanya kosa lolote. Deming aliwasifu wenye chache na kuwakaripia wenye nyingi, ili mameneja waone jinsi walivyokuwa wakifanya kazini kwao. Fanyeni hivyo kwenye kikao kimoja cha menejimenti. Nusu saa inatosha.

Mkosi mwingine hufuata hapo. Aliyeongoza kwa 27 mwezi huu, mwezi ujao atarudi karibu na 20, na bosi atasema sifa zimemlevya. Aliyepata 13 akakaripiwa atapanda karibu na 20, na bosi ataamini ukali umefanya kazi. Hakuna kilichofanya kazi. Idadi zimerudi kwenye wastani tu, jambo ambalo mwanasayansi wa Uingereza, Francis Galton, alilieleza tangu 1886 akilinganisha urefu wa wazazi na watoto. Bosi mwenye nia njema kabisa hufundishwa na idadi hizi kwamba pongezi huharibu watu na ukali huwajenga, na mtu akishafundishwa hivyo na "uzoefu" ni vigumu kumtoa.

Lakini hasara kubwa kuliko zote huja pale wenzake wanapoanza kumuiga mshindi. Hapo ndipo nadharia ya michezo ya mageuzi, yaani hesabu za jinsi mbinu zinavyoshindana na kuenea katika kundi, inapotusaidia. Wanasayansi John Maynard Smith na George Price walionyesha mwaka 1973 kwamba mbinu za wanyama wanaogombana zinaweza kuchambuliwa bila kudhani kuwa mnyama anapiga hesabu: mbinu inayolipa huongezeka, isiyolipa hufifia. Ofisini mbinu haziongezeki kwa kuzaana, zinaongezeka kwa kuigana. Mshindi alianza na wateja wa gengeni kabla ya saa tatu? Mwezi ujao watatu wako gengeni.

Katika kundi kubwa uigaji huu huchuja vizuri. Katika kundi dogo bahati hushika usukani. Mfano rahisi uliotungwa na mwanatakwimu wa Australia, Patrick Moran, mwaka 1958 unatupa vipimo: kila hatua mmoja huacha tabia yake na kuchukua ya mwenzake, na tabia yenye faida huchukuliwa mara nyingi zaidi. Kwenye kundi la watu 10, tabia isiyo na faida wala hasara ikianzishwa na mmoja ina uwezekano wa 1 kati ya 10 wa kuishia kuwa tabia ya wote. Tabia yenye faida ya asilimia 10 ina uwezekano wa kama asilimia 15, na yenye hasara ya asilimia 10 ina kama asilimia 6. Tazama namba hizo mbili zilivyo jirani. Kundi likiwa la watu 100, tabia nzuri ileile inabaki na asilimia 9 hivi, ila ile mbaya inaporomoka hadi kama mara 3 kwa milioni. Kwa hiyo tawi la watu 10 linalojifunza kwa kutazama ubao wake lenyewe litaokota tabia mbovu nyingi njiani, wakati matawi 10 yakiunganisha takwimu zao kabla ya kutangaza "mbinu ya mshindi" yanaweza kuzichuja. Maofisa wa makao makuu, hili liko mikononi mwenu na halina gharama kubwa.

Hapo nimesema juu ya tabia zinazoigwa kwa bahati. Zipo pia zinazoigwa kwa sababu kweli zinapandisha idadi, ingawa zinaiumiza kampuni. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 mwaka 2016, baada ya wafanyakazi waliobanwa na malengo ya mauzo kuwafungulia wateja akaunti wasizoziomba. Takriban 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi. Watu wa idadi hiyo hawakuzaliwa matapeli. Mbinu ililipa, ikaenea.

Na ngazi ya ushindani hupendelea wacheza kamari. Chukua maofisa mikopo 10 wenye wastani sawa, mmoja wao akiwa anakopesha kwa kubahatisha hivi kwamba mtawanyiko wake ni maradufu ya wenzake. Uwezekano wake wa kuwa wa kwanza unapanda kutoka asilimia 10 hadi zaidi ya 20. Uwezekano wa kuwa wa mwisho nao unapanda vilevile, lakini kama wa mwisho haadhibiwi zaidi ya wa tisa, hana cha kupoteza. Mikopo chechefu inayoonekana mwaka unaofuata ilipandwa na bahasha ya mwaka huu.

Je, motisha ya fedha haifai? Inafaa, pale kazi inapopimika. Kampuni ya vioo vya magari ya Safelite, huko Marekani, ilipoacha kulipa kwa saa na kulipa kwa kila kioo kilichofungwa katika miaka ya 1990, uzalishaji kwa kila mfanyakazi ulipanda kwa asilimia 44, kama alivyoonyesha mchumi Edward Lazear. Karibu nusu ya ongezeko hilo ilitokana na watu walewale kufanya zaidi, iliyobaki ilitokana na aina ya watu walioingia na kutoka. Angalia kilichowezesha: kioo kinahesabika, kikivuja anajulikana aliyekifunga na analazimika kukirudia, na kilikuwepo kima cha chini kinachomkinga mtu na wiki mbaya. Wala hakuna aliyelipwa kwa kumshinda jirani yake.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga bonasi, tafuta wastani wa timu kwa mwezi na kipeuo chake cha pili. Yeyote aliye ndani ya vipeuo viwili juu au chini ya wastani (kwa wastani wa 20 ni kati ya 11 na 29) mhesabu kuwa yuko sawa na wenzake kwa mwezi huo. Wa mwisho asiitwe ofisini wala mshindi asitangazwe kwa tofauti iliyo ndani ya mipaka hiyo. Lipa kwa kiwango kinachofikiwa na yeyote, si kwa nafasi, na upime kwa miezi 6 au 12. Kiwango nacho kisiwe ukuta: ukisema akaunti 20 hulipwa na 19 hazilipwi, tarehe 29 utaletewa akaunti za ndugu na majirani. Lipa kwa kila moja, ukikata ambazo baada ya siku 90 hazina muamala. Na kama zawadi lazima itoke kila mwezi, weka majina ya wote waliofikia kiwango kwenye boksi na uchomoe moja mbele yao. Bahati ikitangazwa kuwa bahati, hakuna anayejifunza uongo kutoka kwake wala anayedhalilika.

Bahati pia ni chombo kizuri katika ukaguzi. Kama mkaguzi wa droo za makeshia huja kila Ijumaa, droo itakuwa kamili kila Ijumaa. Tuseme keshia anaweza kunufaika kwa shilingi 20,000 kwa siku, na akinaswa anazikosa hizo 20,000 na kupoteza bonasi ya 100,000 juu yake. Mahali ambapo udanganyifu unaacha kulipa ni 20,000 gawanya kwa 120,000, yaani siku moja kati ya sita. Ukikagua kwa uwezekano huohuo hasa, uko ukingoni. Tumia moja kati ya tatu. Tupa dadu kila asubuhi, ikitoka 5 au 6 ukaguzi upo. Wengi hupenda kuongeza adhabu badala ya ukaguzi, na hapo hujikwaa: adhabu ikiwa kubwa, mkaguzi huona hatari imepungua, hulegea, na shoti (upungufu wa fedha kwenye droo) hurudi.

Droo nazo zina bahati yake. Keshia mwaminifu anayehesabu chenji siku nzima hukosea pande zote mbili, leo shoti ya 500, kesho ziada ya 300. Usimkate mshahara kwa shoti ya siku moja. Andika tofauti zote, pamoja na ziada, kwa siku 30: zikipingana na kukaribia sifuri, ni makosa ya mkono; zikielemea upande mmoja siku baada ya siku, hapo kuna jambo la kuuliza. Dadu itupwe na mtu asiyeshika droo, matokeo yaandikwe kwenye daftari kabla duka halijafunguliwa, na ukaguzi wa jana usiwe sababu ya kuacha wa leo, kwa maana siku ambayo keshia ana uhakika hakaguliwi ni siku isiyo na ulinzi kabisa.

Mwalimu wa takwimu,
Morogoro